Kinga ya Bunia: historia ya baiskeli inayolisha mji

Saa kumi na moja alfajiri, wakati mitaa mingi ya Bunia bado iko gizani, baiskeli zimekwisha kuingia mjini. Zile za upande wa Kasenyi na Tchomia zinaleta samaki wa Ziwa Albert. Za upande wa Dele na daraja la Shari zinaleta mihogo, sombe na mikungu ya ndizi. Za upande wa Djugu zinaleta makala, magunia mawili au matatu yaliyofungwa kwa kamba za mpira hata mwenye baiskeli haonekani nyuma yake. Wengi hawapandi. Wanasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti.

Katika miji mikubwa ya dunia, baiskeli siku hizi inasifiwa kwa sababu ya hewa safi. Tangu 2018 Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Viongozi wa miji wanaichorea njia zake na kuwaomba watu waache magari nyumbani. Bunia hakuna aliyemwomba mtu aache gari, maana wengi hawajawahi kuwa nalo. Hata hivyo mji huu umekula, umejengwa na umekimbia kwa baiskeli. Watu wa hapa wanaiita kinga. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo lina maana ya kitu kinachomlinda mtu na hatari. Ni maneno mawili tofauti, lakini mtu aliyeishi Ituri miaka hii thelathini hatashangaa yakikutana.

Mpira kwanza, baiskeli baadaye

Historia ya baiskeli na Kongo haikuanza na mtu aliyepanda. Ilianza na mtu aliyepigwa.

Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, aliandikisha uvumbuzi wa tairi lenye upepo ndani, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo baiskeli zilikuwa na magurudumu magumu yaliyomtikisa mwenye kupanda mpaka mifupa. Tairi la upepo lilibadilisha mambo yote. Katika miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Marekani walinunua baiskeli kama wendawazimu, na kila baiskeli ilihitaji mpira.

Mpira ulikuwa Kongo. Wakati huo nchi yote, tangu 1885, ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mpira ulitoka kwenye mimea inayotambaa juu ya miti ya msitu, na kuukusanya kulimaanisha siku nyingi porini bila chakula wala kulala vizuri. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Kijiji kilichopungukiwa kiliona wanawake wake wakifungwa mateka, nyumba zikichomwa, watu wakiuawa na wengine wakikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904, iliyaeleza hayo mbele ya dunia. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi serikali ya Ubelgiji.

Kwa hiyo mpira wa Kongo ulizunguka katika barabara za Ulaya miaka mingi kabla Mkongo wa kawaida hajagusa usukani wa baiskeli. Ni jambo la kukumbuka kila mara baiskeli inapotajwa kuwa chombo kisicho na hatia.

Wapagazi, mgodi na plaki

Ituri ilifunguliwa kwa sababu ya dhahabu. Iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na miaka michache baadaye machimbo yalianza kazi. Machimbo yalihitaji chakula, vyuma na watu. Vitu hivyo vilipanda kutoka ziwani vikiwa juu ya vichwa na migongo ya wapagazi, kwa njia zile zile ambazo leo wauza samaki wanazipanda. Kutoka ufukweni hadi uwanda wa Bunia ni kupanda zaidi ya mita 600 kwenda juu. Baadaye zikatengenezwa barabara za malori. Reli haikufika Bunia. Ile ya kaskazini, iliyoitwa Vicicongo, iliishia Mungbere mwaka 1937, na mzigo wa Ituri ukabaki wa barabara mpaka leo.

Katika nchi hiyo ya barabara za udongo, baiskeli iliingia kama alama ya heshima. Karani wa mgodi, mwalimu wa misheni, katekista na muuguzi ndio waliokuwa nayo kwanza. Zilikuwa baiskeli nzito za chuma cheusi kama Raleigh za Nottingham, zilizokuja na biashara ya Uingereza kupitia nchi jirani ya Uganda. Mwenyewe aliiosha Jumamosi, akaipaka mafuta mnyororo, akaenda nayo kanisani Jumapili. Kuazima baiskeli ya mtu kulihitaji maneno mengi na uhusiano wa damu.

Serikali ya kikoloni nayo iliona faida. Mwenye baiskeli alilipa kodi na kupewa plaki, kipande kidogo cha bati cha kufunga kwenye baiskeli. Asiyekuwa na plaki alisimamishwa njiani. Mabati hayo yaliendelea hata baada ya uhuru wa 1960. 

Novemba ya 1973

Kuna mwezi mmoja unaoonyesha vizuri jinsi baiskeli ya Ulaya na baiskeli ya Kongo zilivyoachana njia.

Mwezi wa Novemba 1973, baada ya nchi za Kiarabu kupunguza mafuta, Uholanzi na Ubelgiji zilikataza magari kutembea siku ya Jumapili. Watu walitoka na baiskeli katika barabara kuu, watoto wakacheza mahali ambapo juzi magari yalikimbia. Uholanzi tayari kulikuwa na wazazi waliokuwa wakiandamana kwa sababu ya watoto waliouawa na magari. Miji ikaanza kufikiri upya, na njia nyingi za baiskeli zinazosifiwa leo Amsterdam zina mizizi katika miaka hiyo.

Mwezi huo huo, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza mjini Kinshasa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa Wazairwa. Mpango huo uliitwa zaïrianisation. Wengi waliokabidhiwa walikuwa watu wa karibu na utawala, si wafanyabiashara. Bidhaa zilizokuwemo ziliuzwa, na hazikurudishwa nyingine. Mashambani, vitu vilivyoletwa kutoka mbali vikawa vya kutafutwa, na tairi ni mojawapo. Barabara zilikosa matengenezo, malori yakakwama, mengine yakaacha kuja kabisa.

Hapo ndipo baiskeli ya Ituri ilipobadilika kazi. Ilikuwa chombo cha karani cha kwenda ofisini, sasa ikawa lori. Lori likizama kwenye matope, baiskeli inapita pembeni. Daraja likivunjika, baiskeli inabebwa begani kuvuka mto. Mafundi wa kando ya barabara waliongeza vyuma kwenye uma wa mbele, wakaimarisha karia kwa nondo, wakafunga mti mrefu kwenye usukani ili mtu asukume huku akiongoza. Mpira wa ndani uliotoboka ulizibwa mara kumi, na ukichoka kabisa ulikatwa kuwa kamba za kufungia mzigo. Breki ilikuwa soli ya kiatu iliyokanyagwa juu ya tairi.

Vivyo hivyo mipaka. Kutoka Aru na Mahagi, baiskeli zilivuka kwenda na kurudi Uganda kwa njia za panya. Kahawa ilikwenda, sabuni, chumvi na nguo zikarudi. Soko la Ariwara lilikua kwa biashara hiyo. Upande wa pili wa Uganda, katika mpaka wa Busia na Kenya, vijana walikuwa wamekwisha kuanza miaka ya 1960 kubeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya forodha, na kutokana na maneno ya Kiingereza ya «mpaka hadi mpaka» likazaliwa jina la boda-boda linalojulikana leo Afrika Mashariki yote.

Kumba-kumba

Vita vya 1996 na vya 1998 vilikata kilichobaki cha njia. Kisangani, mji mkubwa wa mto, ulitengwa na Kinshasa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo kwa siku sita. Ndani ya mji, kwa kuwa magari yalikuwa yamekufa, vijana walibeba abiria kwa baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite».

Nje ya mji, msituni, walikuwepo kumba-kumba. Hao ni wanaume waliosukuma baiskeli zenye zaidi ya kilo 100 za mafuta ya mawese, mchele, chumvi, nguo na sabuni, katika barabara kati ya Kisangani na miji ya mashariki. Kutoka Bunia hadi Kisangani, kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia, ni karibu kilomita 700. Walitembea kwa makundi, wakalala vijijini, wakasaidiana kwenye vilima: wawili wanasukuma baiskeli ya mwenzao mpaka juu, kisha wanarudi kuchukua za kwao. Aliyeumwa aliachwa kwa wenyeji, na wenzake walimpitia wakirudi. Hakukuwa na kampuni nyuma yao. Barabara hiyo ilipotengenezwa miaka ya 2000 na malori kurudi, kumba-kumba walipungua, na hakuna sanamu yao iliyosimamishwa Bunia. Goma, chukudu ya mbao imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara.

Mwaka wa kukimbia

Mwaka 1999 vita vya Ituri vilianza Djugu na kuenea. Hadi 2003 mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliokufa kuwa zaidi ya 50,000, na waliohama makwao walikuwa laki nyingi. Hakuna familia ya Bunia, ya kabila lolote, isiyokuwa na jina la kutaja.

Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, makundi yenye silaha yalipigania mji. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na makao ya MONUC. Maelfu wengine walichukua njia ya kusini kwenda Eringeti na Beni, karibu kilomita 200. Katika safari hiyo, tofauti kati ya nyumba iliyokuwa na baiskeli na nyumba isiyokuwa nayo ilionekana wazi. Kwenye karia alikaa mzee asiyeweza kutembea, au mama aliyejifungua wiki iliyopita. Kwenye usukani ilining'inia sufuria, bidoni ya maji na kuku aliyefungwa miguu. Mtoto aliwekwa juu ya bomba la mbele. Baba hakupanda, alisukuma. Nyumba isiyokuwa na baiskeli ilichagua kati ya kubeba mtoto na kubeba chakula.

Kwa sababu hiyo hiyo baiskeli ilikuwa kitu cha kwanza kuporwa. Mtu aliyenyang'anywa baiskeli kwenye barabara ya Ituri wakati ule hakupoteza mali tu, alipoteza njia ya kuwafikisha wake.

Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1484, na jeshi la Ulaya likiongozwa na Ufaransa, katika operesheni Artemis, likaingia Bunia mwezi wa Juni na kukaa hadi mwanzo wa Septemba. Utulivu uliporudi kidogo kidogo katikati ya mji, sauti ya kwanza ya biashara haikuwa ya injini. Ilikuwa kengele za baiskeli, watu wakileta mihogo kutoka pembeni.

Pikipiki yachukua barabara

Miaka iliyofuata ilikuwa ya pikipiki za India na China zilizopitia Uganda. Vijana wengi, wakiwemo waliokuwa wamebeba silaha, walipata kazi ya kubeba abiria. Pikipiki inafika haraka, inapanda kilima bila jasho, inaweza kumfikisha mgonjwa hospitali usiku. Hakuna wa kuilaumu kwa hayo. Abiria wakaiacha baiskeli, na baiskeli ikabaki na kazi ambayo pikipiki haiipendi: mzigo mzito wa bei ndogo, wa mtu asiyeweza kulipa mafuta.

Bei ya mafuta ndiyo siri yake. Petroli ya Bunia inatoka mbali, inavuka mipaka na vizuizi, na inapopanda bei kila kitu sokoni kinapanda nayo. Mihogo iliyoletwa kwa baiskeli haina petroli ndani yake. Mama anayeuza sombe kwa mafungu anajua jambo hilo vizuri.

Kambi, makala na vizuizi

Tangu Desemba 2017 mauaji yamerudi Djugu, kisha Irumu na Mambasa. Watu waliohama makwao katika Ituri wamepita milioni moja. Mwaka 2018 makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Hoima, Uganda. Mtumbwi uliojaa watu hauna nafasi ya baiskeli, na waliorudi baadaye walianza upya bila chombo. Ndani ya Bunia, kambi kama Kigonze zimekuwa mitaa kamili yenye watoto waliozaliwa humo.

Katika kambi, baiskeli moja ni kazi ya watu wengi. Asubuhi inachota maji, bidoni nne au tano kwa safari. Mchana inakodishwa kubeba matofali au mchanga kwenye nyumba zinazojengwa mjini. Jioni inampeleka mgonjwa. Asiyekuwa nayo anakodi kwa siku, na kabla hajala anamlipa mwenye baiskeli. Mwenye kujua kuziba tairi ana duka tayari: pampu, beseni la maji la kutafutia tundu, kipande cha mpira na gundi.

Lakini mzigo mkubwa wa baiskeli hizo ni makala, na hapa sifa za chombo kisichotoa moshi zinakutana na ukweli mchungu. Bunia inapika kwa makala na kuni. Uwanda unaouzunguka mji ni nyasi na mikaratusi, na msitu wenyewe uko upande wa Komanda na Mambasa. Mtu aliyehama amepoteza shamba. Mti ulio karibu ndio shamba lililobaki kwake, na makala ndiyo mavuno yasiyosubiri miezi. Baiskeli yenyewe haichomi kitu, lakini juu yake umekaa mti uliochomwa. Kumkataza mwenye baiskeli makala, bila kumrudishia usalama wa shamba lake, ni kumkataza kula. Dawa ya msitu wa Ituri haianzi barabarani. Inaanza pale mtu anapoweza kulala kijijini kwake mpaka mihogo ikomae.

Kisha kuna vizuizi. Kwenye barabara namba 27 ya kwenda Mahagi na katika njia nyingine, mwenye baiskeli anasimamishwa na watu wenye silaha wa namna mbalimbali na kutoa noti kila mahali. Lori linalipa zaidi, lakini lori linagawa malipo yake juu ya tani nyingi. Baiskeli inayagawa juu ya magunia mawili. Ile plaki ya zamani ililipwa mara moja kwa mwaka. Vizuizi vya leo vinalipwa kwenda na kurudi.

Nafasi ya kupita

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wa Bunia walitazama picha kwenye simu: baiskeli nyepesi, barabara laini, watu wamejipanga kushangilia. Kigali pia ina siku ambazo barabara zinafungwa kwa magari ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Ni mfano mzuri wa jirani. Ila Bunia haina haja ya kumfundisha mtu kupanda baiskeli. Ina haja ya kumwachia nafasi yule anayeisukuma tayari.

Mambo yanayohitajika si ya fedha nyingi. Barabara inapotiwa lami, pembeni iachwe sehemu pana na ngumu, isiyochimbwa mtaro hadi kwenye ukingo, kwa sababu mwenye kilo 100 hawezi kuruka pembeni lori linapopiga honi. Kwenye Boulevard de la Libération na karibu na soko kuu, iwepo sehemu ya kushusha mzigo bila kufukuzwa. Kivuko cha mtaro kijengwe kwa upana wa gurudumu na mizigo yake, si kwa upana wa mguu. Vizuizi viache kumhesabu mwenye baiskeli. Na miche ya miti ya kuni ipandwe karibu na mji, ili safari ya makala isiendelee kurefuka kila mwaka kuelekea msituni.

Kuna jambo jingine linalowahusu wenye mji wenyewe. Watu wengi wanaoingia na baiskeli alfajiri ni waliohama makwao, au wanavijiji wanaolala leo wasijue kama kesho watahama. Mara nyingi wanatukanwa barabarani kwa kuwa wanachelewesha pikipiki na magari. Siku tatu tu za barabara kufungwa kwa sababu ya mapigano zinatosha kuonyesha wao ni nani: sombe inakosekana, samaki wanapanda bei, na gunia la makala linauzwa kwa vipimo vidogo vya kopo.

Saa tisa alasiri zinaanza kurudi. Karia inayorudi ni nyepesi: kilo ya chumvi, kipande cha sabuni, chupa ya mafuta, labda daftari la mtoto. Hapo ndipo mwenye baiskeli anapoweza kukaa juu ya kiti na kupanda. Anawahi kupita kabla ya giza, maana barabara za Ituri bado si za kupita usiku.